"Sema shikamoo babu"

"Unataka maji?" tunamuuliza mpwa wangu.

"Unataka maji," anajibu.

Mgeni akisikia hivyo hudhani mpwa wangu hajaelewa, au anamwiga. Mpwa wangu ana usonji (autism), hali inayobadilisha namna mtu anavyowasiliana, na wakati huohuo mkono wake umeshafika kwenye kikombe. Kwake, kurudia swali ndiko kukubali. Kiswahili nacho kinamtega: "nataka" na "unataka" zimetenganishwa na kiambishi kimoja tu mwanzoni mwa neno.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Mmoja alikuwa akitamka ghafla, "Usimtupe mbwa kutoka roshani." Kumbe mama yake aliwahi kumkanya hivyo kuhusu mbwa wa kuchezea, na sasa mtoto alijikanya mwenyewe kila alipotamani kutupa kitu. Asiyejua kisa husikia upuuzi.

Wapo wanaotaka marudio haya yakomeshwe mapema. Mwanasaikolojia Ivar Lovaas, aliyeanza kuwafundisha watoto hawa huko Los Angeles miaka ya 1960, aliyaona kama tabia ya kupunguzwa. Hofu iliyo nyuma ya msimamo huo ni ya kweli. Mtoto anayeeleweka na mama yake peke yake atafanyaje tumbo likimuuma mbele ya muuguzi asiyemjua? Dada yangu halali akiwaza hilo.

Ila mwaka 1981 watafiti wa lugha Barry Prizant na Judith Duchan waliwachunguza watoto wanne wenye usonji, wakayagawa marudio yao katika mafungu saba: kushika zamu katika mazungumzo, kuomba, kukubali, kujiongoza na kadhalika. Fungu moja halikuwa na lengo lolote, kwa hiyo si kila mwangwi una ujumbe. Lakini ukimnyamazisha kabla ya kumsikiliza, utajuaje upi unao?

Nyumbani kwetu mtihani mkubwa ulikuwa salamu. "Sema shikamoo babu," tunamwambia. "Sema shikamoo babu," anajibu, na watu wanalaumu malezi! Babu yake hakulaumu. Aliitikia "Marahaba", kisha akatuambia tuache hilo neno "sema". Tangu hapo dada husimama ubavuni mwa mtoto na kutamka kama vile mtoto mwenyewe angetamka: "Shikamoo babu." Anarudia neno kwa neno, na salamu imefika. Kwenye maji tukafanya vivyo hivyo: "Nataka maji," huku kikombe kikiwa mbele yake.

Siku nyingi sasa anasema "nataka". Akichoka, "unataka" inarudi, na maji anapewa.