Masharti mapya ya ruzuku: asasi za Nyanda za Juu Kusini zijipange vipi

Tarehe 7 Agosti 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri inayobadilisha namna serikali yake inavyotoa na kusimamia ruzuku. Kwa ufupi, kila taasisi ya serikali inayogawa fedha iwe na mteule wa ngazi ya juu wa kupitia matangazo ya ruzuku na ruzuku zenyewe kabla hazijatoka. Mikataba iwe na kipengele cha kuiruhusu serikali kuivunja pale inapoona mradi hauendani tena na vipaumbele vyake. Mpokeaji asichote fedha ya mradi mpaka aidhinishwe, na kila anapoomba kuchota aeleze kwa maandishi fedha ni ya kazi gani. Waombaji wakilingana, apendelewe mwenye gharama ndogo za uendeshaji.

Mtu wa Mafinga au Tukuyu anaweza kusema hayo ni ya Washington. Asiseme hivyo haraka. Utafiti wa viashiria vya VVU wa 2022-2023 uliiweka Njombe juu kabisa kitaifa kwa maambukizi miongoni mwa watu wazima, asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Kwa sababu hiyo fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003, zimekuwa na uzito mkubwa huku kwetu, na asasi nyingi ndogo zimekua zikiwa chini ya mashirika makubwa yanayopokea fedha hizo. Kinachoandikwa kwenye mkataba wa mkubwa hushuka mpaka kwa mdogo, mara nyingi kikiwa kimekazwa zaidi njiani.

Na tulikwisha kuonja. Januari 20, 2025 misaada ya nje ilisimamishwa kwa siku 90, na ndani ya wiki hiyo zikatoka amri za kusimamisha kazi. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Julai 1 USAID ikaacha kuendesha misaada, na kilichobaki kikahamia wizarani kwake.

Serikali yetu nayo haijakaa kimya miaka hii. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ni Na. 24 ya 2002, lakini makali yake yaliongezeka baadaye. Kanuni za 2018 zilitaka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku kumi, na fedha hizo zitangazwe hadharani. Marekebisho ya 2019 yakakipa cheti cha usajili uhai wa miaka kumi. Milioni 20 ni fedha ya mradi mdogo tu: gari la kukodi, mafuta, posho na semina za kata chache, imekwisha.

Kwa hiyo mkurugenzi wa asasi ya watu sita pale Makambako ana wakubwa wawili, na kila mmoja anataka ripoti kwa fomu yake na kwa tarehe yake.

Wanaotetea usimamizi mkali wana hoja, tena nzito kuliko tunavyopenda kukiri kwenye vikao vyetu vya AZAKI, yaani asasi za kiraia. Asasi za mfukoni zipo. Semina moja huuzwa kwa wafadhili wawili. Orodha ya mahudhurio huwa na majina arobaini na saini zinazofanana mwandiko, namba za simu nyingine zina tarakimu tisa. Masurufu, yaani fedha anayotangulizwa mtu kwa ajili ya kazi, hukaa miezi bila kurejeshwa, kisha risiti zote zinakuja siku moja, karatasi mpya, wino mmoja. Anayelipa kodi, awe wa Ohio au wa Uyole, ana haki ya kuuliza. Na mwanakijiji aliyeitwa "mnufaika" ana haki kubwa zaidi, ingawa yeye ndiye asiyeulizwa na yeyote.

Ila masharti yana tabia ya kubana pasipohusika. Chukua chakula cha semina kijijini. Mama lishe wa pale anapika wali na maharage kwa watu thelathini, bei nafuu, cha moto. Hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mhasibu wa mradi anataka risiti ya EFD, kwa sababu mkaguzi ataitaka. Basi chakula kinaagizwa hotelini mjini, kinapakiwa kwenye gari, kinafika saa nane kimepoa, na gharama imepanda maradufu ukijumlisha mafuta. Vitabu viko safi. Fedha iliyokusudiwa kijiji imerudi mjini, na hakuna ripoti itakayolionyesha hilo. Mfadhili mwenye busara anakubali hati ya malipo yenye saini ya mama lishe na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Wapo wanaokubali wakiombwa mapema, kabla ya mkataba kusainiwa. Shida yetu ni kwamba tunasaini kwanza kwa furaha, tunasoma baadaye.

Uzito wa amri ya Agosti, kwa maoni yangu, uko kwenye muda. Ukaguzi tuliouzoea huja baada ya kazi: umetumia, sasa onyesha. Huu mpya unakuja kabla: eleza kwanza, usubiri. Kwenye ofisi ya jijini, kusubiri wiki tano ni kero. Kwenye kilimo cha mahindi cha Mbozi au Mufindi ni hasara ya mwaka mzima, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Mbegu na mbolea zikiidhinishwa Januari, mkulima ameshapanda alichonacho. Mradi utaandikwa "umetekelezwa kwa asilimia mia" na shamba halitaona tofauti.

Na kile kipengele cha kuvunja mkataba? Hapo siko katikati. Kumsimamia mtu ni kumpima kwa alichoahidi. Kuvunja mkataba wa asasi iliyotimiza kila ilichoahidi, kwa sababu tu vipaumbele vya mkubwa vimebadilika, ni uamuzi wa kisiasa, na hakuna daftari, hata liwe zuri kiasi gani, litakaloizuia barua ya kuuvunja. Watetezi wake watasema serikali iliyochaguliwa ina haki ya kubadili mwelekeo. Ni kweli, ina haki hiyo. Lakini anayebaki na deni la pango, mishahara ya notisi na wagonjwa walioandikishwa ni asasi.

Kujipanga, basi, kuanzie hapo. Wengi hujibu masharti mapya kwa kuajiri mtu wa kuandika ripoti. Mimi ningeanza na mikataba ya ajira na pango: isizidi muda wa fedha iliyoko mkononi, na gharama ya kufunga mradi, yaani notisi, stahiki na makabidhiano, iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Bodi pia ifanye kazi ya bodi. Iamue mapema ni huduma ipi itaendelea hata fedha ikikatika kesho, na ipi itakabidhiwa kwa zahanati au halmashauri, na mwenye zahanati ajue hivyo leo.

Makaratasi yafuate. Seti moja ya kumbukumbu inaweza kuwatosha wakubwa wote wawili ikipangwa kwa shughuli badala ya kwa mfadhili: hati ya malipo, mahudhurio, picha, barua ya mtendaji, vyote kwenye jalada moja. Maelezo ya kuchota fedha yaandikwe siku shughuli inapopangwa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye kisheria ni msajili msaidizi, apewe nakala kabla hajaiomba. Wengine wanaona hiyo ni kujipeleka kwa polisi. Mimi naona ofisa aliyeona kazi yako Februari ni shahidi wako wa kwanza itakapokuja tuhuma Septemba.

Limebaki suala la gharama za uendeshaji. Kanuni za ruzuku za Marekani zilizoanza kutumika Oktoba 1, 2024 zilipandisha kiwango anachoweza kudai mpokeaji asiye na kiwango alichokubaliana na serikali hiyo, kutoka asilimia 10 hadi 15, na shirika kubwa linalogawa fedha haliruhusiwi kumlazimisha mdogo wake ashuke chini ya hapo, isipokuwa pale sheria inapotaka hivyo. Asasi nyingi za huku hupewa chini yake, nyingine hazipewi kitu, na hazijui kama zingeweza kudai. Amri ya Agosti sasa inampendelea mwenye gharama ndogo, kwa hiyo kudai 15 kuna hatari yake. Ningedai hata hivyo. Mhasibu anayetakiwa kueleza kila uchotaji kwa maandishi analipwa kutoka fungu hilo hilo, na mfadhili anayetaka maelezo hayo hawezi kutegemea yaandikwe na mtu wa kujitolea.