Chesisi Si ya Kuchomelewa Hovyo
Pikapu yangu ya dizeli, Toyota Hilux yenye injini iitwayo 3L (hilo ni jina tu; ujazo wake ni lita 2.8), bado inavuta vizuri, na ndiyo sababu niliamua kuiondoa bodi iliyoliwa na kutu na kuweka jukwaa bapa la kubebea mbao na saruji. Kinachonikera ni mafundi wa kuchomelea ambao, ukiwapa kisogo tu, huzichomelea boriti za jukwaa moja kwa moja kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari. Nilimweleza fundi waziwazi kwamba zifungwe kwa boliti zenye umbo la U, juu ya vipande vya mbao ngumu, kwa sababu chesisi hujipinda kidogo gari linapopita kwenye mashimo, na pale ilipochomwa moto chuma hupoteza uimara wake, kisha ufa huanzia hapohapo kwenye mshono. Aliitikia vizuri kabisa. Niliporudi kutoka kununua rangi, nikakuta mishono minne imeshapoa, na betri haikuwa imetenganishwa kabla ya mashine kuwashwa, jambo linaloweza kuunguza altaneta, kifaa kinachochaji betri! Sasa nalipa mara ya pili, ili mishono hiyo isagwe taratibu bila kuila chesisi yenyewe.