Balozi wa Nyumbani

Kwenye ukoo wetu naitwa Balozi. Hakuna serikali iliyowahi kuniteua. Jina nilipewa siku nilipowapatanisha wadogo zangu wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya ngazi. Mmoja aliiazima kwa mwenzake, akairudisha imepungua kipandio kimoja. Nilikaa nao mpaka karibu na alfajiri, wakapeana mikono, na ngazi nikabaki nayo mimi. Tangu hapo ugomvi ukizuka utasikia tu, "Muiteni Balozi." Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye fomu usinihukumu.

Binti yetu anayeishi ng'ambo alijifungua mtoto wake wa kwanza, akatuita mimi na mama yake tukamwone mjukuu. Mama watoto pasipoti alikuwa nayo tayari. Mimi sikuwa nayo, maana popote nilipowahi kwenda maishani nilifika bila kuulizwa mimi ni nani.

Jioni hiyo mama watoto aliitoa yake sandukuni, akaisogeza kwenye taa.

"Imebakiza miezi minne," akasema. "Itabidi niibadilishe."

"Tunakwenda kukaa wiki tatu," nikamwambia. "Miezi minne haitoshi?"

"Nchi nyingi zinataka ibakize miezi sita."

"Kwa hiyo maziwa yanayoharibika Ijumaa, Jumatano hayanyweki?"

Hakunijibu. Mama watoto akiacha kunijibu huwa natangaza ushindi kimyakimya, na sijui kwa nini mpaka leo sijajifunza. Usiku huo binti alipopiga simu nilimweleza hoja yangu ya maziwa, nikitegemea kuungwa mkono.

"Baba," akasema, "ukiugua huku ukalazwa, pasipoti ikakufia mkononi, utarudije? Halafu wenye ndege hawatakubali hata uipande. Wakimleta mtu asiyeruhusiwa kuingia, wao ndio wanaobebeshwa mzigo wa kumrudisha, na nchi nyingine zinawatoza faini juu yake. Wanakagua kuliko polisi."

Basi kesho yake mama watoto akaenda na pasipoti yake ya zamani, fomu yake na picha zake, akarudi mchana, akaendelea na shughuli. Tuliishi nyumba moja, tukaomba hati ya aina moja, wiki moja. Safari yake ya uhamiaji imekwisha hapo, haina kisa.

Yangu ndiyo hii.

Fomu ilianza vizuri. Jina nalijua, tarehe ya kuzaliwa naijua. Nikafika penye swali lisemalo, "Aina ya hati unayoomba," na chini yake visanduku vinne: ya kawaida, ya utumishi, ya kidiplomasia, ya dharura. Weka alama panapohusika.

Nilivitazama kwa muda mrefu. "Ya kawaida" ilinikera kidogo. Mtu umefika umri huu, una mjukuu ng'ambo, halafu uandikwe wa kawaida. "Ya utumishi" niliiruka kwa kuwa nilishastaafu. "Ya dharura" binamu yangu alikuwa ameisifu sana, kwamba inatoka upesi na haina maswali mengi, ila neno dharura lina nuksi. Sikutaka kumwendea mtoto mchanga na neno kama hilo mfukoni. Ikabaki ya kidiplomasia. Nikajiuliza kwa dhati: diplomasia ni nini, kama si kukaa na watu wawili waliogombana mpaka wapeane mikono? Nikaweka alama. Niliiweka kwa wino mweusi, nikaipuliza ikauka.

Dirishani alikuwa binti mdogo, umri wa wanangu. Alisoma fomu, akanitazama, akaisoma tena. Kisha akainuka kidogo kwenye kiti na kuniuliza kwa adabu kubwa:

"Mzee, wewe ni balozi?"

Nakwambia, moyo ulijaa. Niliona sasa habari za ngazi zimefika mpaka serikalini.

"Ndiyo, mwanangu. Ndivyo wanavyoniita."

"Wa wapi?"

"Wa nyumbani."

Kalamu yake ikasimama hewani. "Nyumbani ni nchi gani, mzee?"

"Nyumbani kwetu."

Nyuma yangu kwenye foleni mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Yule binti hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alinieleza taratibu kwamba ile ya kidiplomasia ni ya wanaotumwa na serikali kuiwakilisha nchi, na ya utumishi ni ya maofisa wanaosafiri kikazi. Mwananchi anayekwenda kumwona mjukuu, hata awe amepatanisha ukoo mzima, anasafiri kwa ya kawaida.

Hapo ningekubali yangekwisha. Lakini nilishaaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta mlango wa pili. Nikasema, "Basi nipe ya dharura."

"Umepotelewa na pasipoti?"

"Sijawahi kuwa nayo."

"Umekwama safarini? Kuna msiba?"

"Hapana, kuna mtoto."

"Ya dharura ni ya mtu aliyekwama, mzee. Mara nyingi ni ya safari moja tu, na zipo nchi haziitambui kwa viza."

"Hata mimi nina safari moja tu."

"Na kurudi je?"

Kurudi nilikuwa sijakufikiria. Alinisukumia fomu mpya kupitia tundu la kioo, maana ya kwanza isingefaa kufutwafutwa, akaniwekea kidole penye kisanduku cha kwanza. "Ya kawaida, mzee. Hata mimi ninayo ya kawaida." Nikaweka alama. Safari hii sikupuliza.

Ndipo akaomba picha.

Kuhusu picha nilijiona nimejiandaa kuliko wote. Nilikuwa nimesoma kwamba mandhari ya nyuma yawe meupe, nikasema kama weupe ndio unaotakiwa, nitawapa weupe. Nilivaa shati jeupe jipya, nikafunga mpaka kifungo cha shingoni, nikasimama mbele ya pazia jeupe, nikamfikiria mjukuu. Mpiga picha alikuwa na haraka, hakusema kitu. Matokeo yake shati lilimezwa na pazia. Kilichobaki ni kichwa changu peke yake, kinaelea mawinguni, kinacheka meno yote. Mimi niliiona ina baraka.

Binti wa dirishani aliiweka mezani, akaifunika kwa kipande cha plastiki angavu chenye mistari, kama fundi anayepima kitambaa. Milimita 35 kwa 45, akasema, hapo sawa. Uso unatakiwa uchukue asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha, wangu ulikuwa kama nusu. Zaidi ya hapo palikuwa mawingu. Nguo itofautiane na ukuta. Na mdomo ufungwe.

"Nisicheke?"

"Usicheke."

"Naenda kumwona mjukuu, mwanangu!"

"Umcheke yeye, mzee. Mashine usiichekee." Akanionyesha kwa kalamu kwenye uso wake mwenyewe: mashine hupima nafasi kati ya macho, pua na mdomo, na mtu akicheka mashavu yanapanda, macho yanafinyika, vipimo vinahama. Utaratibu huo si wa kwao peke yao, akasema. Unatoka kwenye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, huko Montreal, ili pasipoti ya kila nchi isomeke kwenye mashine ya nchi nyingine.

Yule mkohoaji wa nyuma yangu, ambaye kumbe alikuwa mwalimu mstaafu, akaona hapo pana darasa. Akatueleza, bila kuombwa, kwamba zamani watu walibandika picha yoyote waliyokuwa nayo, wengine ya familia nzima, na kwamba vijitabu vilianza kufanana baada ya mkutano wa Paris wa 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa. Foleni yote ikasikiliza. Nilimshukuru moyoni, maana kwa dakika chache watu waliacha kunitazama mimi.

Nilirudi kwa mpiga picha, sasa nikiwa na shati la buluu na mama watoto kama msimamizi.

"Kaa kawaida," mpiga picha akasema. Neno hilo lilikuwa limeanza kunifuata.

Tatizo ni kwamba uso wangu wa kawaida unacheka. Ndio uliopatanisha watu. Nikifunga mdomo, mashavu yanapanda. Nikishusha mashavu, nyusi zinapanda. Nikishusha nyusi, nacheka. Alipiga nane. Katika ya tano nafanana na mtu anayemeza kidonge bila maji. Mwisho mama watoto aliinuka, akasimama nyuma ya kamera, akasema neno moja:

"Ngazi."

Hapo lazima nikiri kitu. Mwezi mmoja kabla, mdogo wangu mwenye ngazi alikuja kuidai, mbele ya wageni, akasema balozi gani huyu anayepatanisha watu huku anakusanya mali zao. Niliporushiwa neno lile uso wote ulishuka kama pazia. Kamera ikalia. Mpiga picha akasema, "Hiyo hiyo!"

Picha ilikubaliwa. Ninaonekana kama mtu anayetafutwa na ameshachoka kukimbia.

Pasipoti ya mama watoto ilitangulia kutoka. Ilikaa siku kadhaa juu ya meza ya chakula. Hakusema chochote, aliifuta vumbi tu kila asubuhi, hata asubuhi ambazo vumbi halikuwapo. Yangu ilipofika nikaketi nayo peke yangu kuifurahia. Jalada safi, lina ile alama ya mstatili wenye duara katikati, inayoonyesha kwamba ndani kuna chipu. Nikafungua ukurasa wa picha, nikavumilia picha, macho yakashuka chini. Nikashtuka.

Baada ya jina langu mashine ilikuwa imekwama. Ilikuwa imechapa mishale: <<<<<<<<<<<<<<<<. Mishale mitupu mpaka mwisho wa mstari.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dirishani. Yule binti aliponiona alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Mwanangu, mashine yenu ina hitilafu. Tazama ilivyoniharibia."

Alitazama. "Iko sawa, mzee."

"Mishale yote hii?"

"Ni kujaza nafasi. Mistari ni miwili, kila mmoja lazima uwe na nafasi 44, wala si pungufu. Jina lako fupi. Palipobaki pakajazwa."

Kwa hiyo baada ya kuitwa wa kawaida, nikaambiwa pia jina langu ni fupi. Lakini alipoendelea nilipendezwa. Mstari wa pili una namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha muda, na baada ya kila moja ya hizo huwekwa tarakimu ya ukaguzi, inayopatikana kwa hesabu kutokana na zilizotangulia, ili mashine ikisoma vibaya ijishuku yenyewe. Na mistari hiyo ikishasomwa ndiyo huwa ufunguo wa kuifungua chipu. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama watoto yote, kwa sauti ya mtaalamu.

Utaalamu huo ulidumu mpaka jioni, nilipoanza kujaza maombi ya viza kwenye kompyuta. Namba ya pasipoti niliinakili kwenye ule mstari wa pili, maana sasa nilikuwa rafiki yake. Fomu ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nilikuwa tayari kurudi kwa yule binti kwa mara ya tatu, na nadhani angehama dirisha, ndipo mama watoto akapita nyuma yangu na kikombe chake.

"Umeandika kumi. Namba yako ni tisa."

"Ni kumi. Hesabu mwenyewe."

"Ya kumi si ndiyo tarakimu ya ukaguzi uliyonifundisha mchana? Namba yenyewe hiyo hapo juu."

Nilifuta moja. Ikakubali.

Siku ya safari, uwanjani, tulikuta ile milango inayojifungua yenyewe. Unaweka ukurasa wa picha kwenye kioo, mashine inasoma, unaingia kama kibanda, unatazama kamera, inakulinganisha na picha iliyo kwenye chipu. Mama watoto alipita kama maji. Mimi nikaweka, lango la kwanza likafunguka, nikaitazama kamera kwa furaha yote ya mtu anayekwenda kwa mjukuu wake.

Taa nyekundu.

Nikaongeza tabasamu, kuonyesha nia njema. Taa nyekundu. Nyuma yangu foleni ikaanza kukohoa. Kikohozi kile nakijua. Ofisa mmoja akaanza kuja, na kwa mbali, ng'ambo ya kioo, nikamwona mama watoto amegeuka, begi begani, mikono ameizungushia mdomoni.

"Baba watoto!" akapaza sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Ngazi!"

Uso ukashuka. Lango likafunguka.