Mtu Mzima wa Miaka 10

Mpwa wangu ana miaka 15. Aliporudi kutoka Florida, alikokwenda na wazazi wake kwenye bustani za burudani za Disney, wakubwa walikaa tayari kusikia habari za ngome na fataki. Yeye akaanza na chakula. Mikahawa ya kukaa, alisema, inakula siku. Mhusika wa katuni anayekuja mezani kukukumbatia huku mdomo umejaa ni aibu tupu. Chakula kitamu kuliko vyote alikinunua kwenye dirisha la kibanda, akakila amesimama. Na hakuelewa kwa nini kwenye bufee ya asubuhi alitozwa sawa na baba yake, ilhali alichokula ni vipande vya tikiti na glasi ya maji ya matunda. Dada yangu, aliyeipanga safari ile kwa miezi, alimjibu kwa maneno mawili: "Huna shukrani."

Nilinyamaza, kwa kuwa mjomba hana kura katika mambo ya mama na mwanawe. Lakini nimeyarudia maneno ya binti yule mara nyingi nikitafuta alipokosea, na ninachokiona ni kwamba kilichoitwa utovu wa shukrani kwa sehemu kubwa ni hesabu. Aliyasoma masharti ya mahali alipopelekwa vizuri kuliko waliomlipia.

Tuanze na muda. Pale Walt Disney World, meza za mikahawa ya kukaa huanza kuwekewa nafasi siku 60 kabla. Zile zinazogombaniwa, kama za mkahawa ulio ndani ya ngome ya Cinderella, huisha upesi, na hizo za ngomeni hulipiwa zote siku ya kuweka nafasi. Kwingine, usipotokea, hutozwa dola 10 kwa kila kichwa. Maana yake ni kwamba miezi miwili kabla ya safari kuna mtu ameshaamua familia itaona njaa siku gani, saa ngapi, na upande gani wa bustani. Siku yenyewe ikifika, njaa haijaja, foleni ya mchezo mnaoupenda imebaki watu wachache mbele yenu, na saa ya meza imewadia. Mnatoka foleni. Mnaikata bustani nzima kwenye jua. Mnaketi saa moja na nusu. Kwa mama huo ni muda wa kupumzisha miguu. Kwa mwanawe ni michezo miwili iliyokwisha kulipiwa kwenye tiketi na ambayo hataicheza tena safari hiyo.

Kuna kisa cha zamani kinachonisaidia hapa. Huko California, mwezi Juni mwaka 1934, mama mmoja mkulima, Cordelia Knott, alianza kuuza mlo wa kuku wa kukaanga. Siku ya kwanza alipakulia watu 8, kwenye sahani zake za harusi, senti 65 kila mmoja. Sifa zikaenea, foleni ikarefuka mpaka ikawa kero. Mwaka 1940 mumewe, Walter, akaanza kujenga hapo kando mji wa maonyesho wa zama za wachimba dhahabu, ili wanaosubiri kuku wapate cha kutazama. Mji ule ndio uliokua ukawa bustani ya Knott's Berry Farm, yenye rola kosta zake zote, yale magari ya reli yanayopanda na kushuka kwa kasi. Kwa hiyo, pale angalau, burudani ilizaliwa ili kuipunguzia machungu foleni ya chakula. Leo watu wanapanga foleni ya burudani, na chakula ndicho kinachowatoa ndani yake. Tineja anayelalamika kwamba mlo unamkatizia siku hajageuza kitu. Kilichogeuka ni bustani yenyewe.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo, nakiri, limenikaa kooni kuliko mengine.

Kwa Disney World, mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Akitimiza 10 ni mtu mzima: kwenye tiketi, kwenye bufee, na kwenye ile milo ya bei moja ambapo wahusika wa katuni huzunguka mezani. Ndege iliyompeleka, kwa desturi ya mashirika ya ndege, humhesabu mtoto mpaka atimize 12. Basi binti wa miaka 11 anapanda ndege akiwa mtoto na kuketi mezani akiwa mtu mzima, wiki ileile, kwa pesa za mzazi yuleyule. Ungedhani kwamba pamoja na bei amekabidhiwa na hadhi. Hapana. Tangu mwaka 2013 kampuni hiyohiyo haimruhusu kuingia bustanini bila msindikizaji mpaka afikishe 14. Bia iliyo kwenye menyu aliyotozwa kama mtu mzima ataisubiri hadi 21, kwa sheria ya nchi. Kwa bustani nyingine hali si tofauti: mwaka 2022, baada ya mapigano ya vijana, Knott's Berry Farm ileile ya kuku iliweka sharti kwamba Ijumaa na Jumamosi mwenye miaka 17 kushuka chini asiingie ila na mtu wa miaka 21 au zaidi. Langoni ni mtoto wa kuchungwa. Kwenye bili ni mzee mwenzetu.

Na kuna kichekesho kidogo ndani yake. Mkahawa wa kifahari kuliko yote pale Disney World, Victoria & Albert's, uliopata mwaka 2024 nyota ya Michelin, tuzo ya heshima kubwa kwa mikahawa, haupokei wageni walio chini ya miaka 10. Yaani siku ya kuzaliwa inayompandisha bei ndiyo hiyohiyo inayomfungulia mlango wa mahali ghali zaidi. Sijui mtoto wa miaka 10 anayeiomba zawadi hiyo.

Wenye bustani wana utetezi, na si dhaifu. Mstari lazima uchorwe mahali fulani, na tumbo la tineja si dogo. Kwa mujibu wa mwongozo wa lishe wa Marekani, mvulana wa miaka 16 hadi 18 mwenye pilikapilika nyingi anahitaji kama kalori 3,200 kwa siku, kiasi ambacho baba yake hafiki. Msichana wa umri huo, kama 2,400. Mvulana wa namna hiyo ukimwachia bufee, mwenye bufee ndiye anayepata hasara. Kama hoja ingekuwa ni tumbo la mvulana huyo peke yake, ningefunga mjadala.

Ila bufee ya asubuhi haimpimi mtu tumbo, inampima umri. Na saa inayouzwa ni mbaya. Watu wanaosomea usingizi wamelieleza hili vizuri: mtu akishabalehe, saa ya mwili wake husogea, usingizi humjia hadi saa mbili hivi baadaye kuliko alivyozoea, na asubuhi humkuta bado usiku mwilini. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi kwa sababu hiyo. Sasa mchukue kijana wa namna hiyo, aliyetazama fataki jana usiku, mketishe saa mbili kamili mbele ya meza iliyojaa mayai na vitumbua vya kigeni, kisha umtoze bei ya juu kabisa. Tikiti maji alilokula mpwa wangu huenda likawa ndilo ghali zaidi alilowahi kulitia mdomoni. Na anayekula kidogo ndiye anayemlipia yule mvulana wa kalori 3,200 aliye meza ya pili. Bufee haiendeshwi kwa njia nyingine.

Ndipo nikaelewa mapenzi yake kwa dirisha. Sisi wakubwa tulidhani ni tamaa ya vibanzi. Lakini dirishani hakuna anayeuliza miaka. Sahani ya watoto anaiagiza anayeitaka, na babu akipenda. Tangu mwaka 2017 Disney imeweka pia huduma ya kuagiza kwa simu: unachagua, unalipa, unaambiwa kikiwa tayari, unakwenda kuchukua. Kijana anaamua mwenyewe ale nini, kiasi gani, na baada ya mchezo upi. Maji ya barafu anapewa bure akiomba. Akitaka kununua paja zima la bata mzinga, lile la kushikwa kwa mkono kama rungu, amelipia paja; hakulipia umri wake. Mahali ambapo kila mlango unampangia cheo tofauti, dirisha linamwona kama mteja, basi.

Kuhusu wahusika wa katuni mezani sina mengi. Kwa mtoto wa miaka 5 ni muujiza, na mwenye moyo wa kuukejeli huo ana matatizo yake. Kwa wa miaka 15 kuna picha itakayobaki kwenye simu ya mama maisha yake yote. Anayeona haya hapo hana ugonjwa.

Dada yangu naye ana haki ya kusikilizwa, maana hakusema alilosema kwa hasira tu. Siku moja bustanini ni kilomita nyingi za kutembea, na Florida ina joto na unyevu wa kumchosha hata mkulima. Mkahawa wa kukaa una kiti, kivuli, kiyoyozi na choo kilicho karibu. Kwa mtu wa miaka 45 hivyo ni sehemu ya mlo. Mpishi wa mkahawa ana nafasi ya kumsikiliza mwenye mzio wa karanga au maziwa, na Disney inasifiwa na familia nyingi kwa umakini huo. Kisha kuna jambo alilolisema kwa sauti ya chini baadaye: siku nzima watu wanne wanatembea wakiangaliana visogo, au wamekaa kwenye behewa wakitazama mbele, na mezani ndipo pekee wanapotazamana usoni. Yeye hakununua bufee. Alinunua dakika 90 za kuwa na wanawe kabla hawajaondoka nyumbani, na anajua kwamba zimebaki chache. Hapo sina jibu la kumpa kwa niaba ya binti, isipokuwa kwamba binti hakuambiwa kwamba ndicho kilichokuwa kinanunuliwa. Aliambiwa ni kifungua kinywa.

Na mpwa wangu amekosea mahali pamoja: ameitia mikahawa yote ya kukaa kwenye kapu moja. Tangu Machi 1967 pale Disneyland, California, kuna Blue Bayou, mkahawa uliojengwa ndani ya mchezo wa maharamia, kwenye giza la jioni ya kudumu, na mashua za wachezaji zikipita mbele ya wanaokula. Hapo kuketi hakukutoi mchezoni. Alton Towers ya Uingereza, tangu mwaka 2016, na Europa-Park ya Ujerumani zina mikahawa ambamo chakula chenyewe huteremka mezani kwenye reli za kupindapinda kama rola kosta. Waliobuni hivyo walikuwa wameshamsikia tineja huyu kabla sijamsikia mimi: mkahawa ukimnyang'anya mtu burudani ili umlishe, basi ulete burudani mezani, au umwache aende dirishani. Bufee yenye sanamu linalokumbatia watu ni jaribio la jambo hilohilo, ila limepimwa kwa mtoto wa miaka 5 na kuuzwa kwa wote.

Hata "ghali" anayoisema inategemea mkataba. Mwaka 2021 vyombo vya habari vya Marekani vilieleza habari za kijana mmoja mhandisi wa California aliyekuwa akila karibu kila siku, kwa miaka, kwenye bustani ya Six Flags iliyo jirani na ofisi yake, kwa pasi ya mwaka ya kama dola 150. Chakula cha bustani kikawa ndicho cha bei rahisi kuliko cha nyumbani. Hakukisifia sana ladha, lakini hakuna aliyempangia awe na njaa saa ngapi. Na Disney, tofauti na bustani nyingi, inaruhusu wageni kuingia na chakula chao alimradi si kwenye vyombo vya kioo. Dada yangu alilijua hilo. Begi lake lilijaa biskuti ambazo hakuna aliyezigusa.

Ningekuwa mimi, ningemwachia binti achague meza moja tu kwa safari nzima, ya jioni, akiwa na njaa yake, na mengine yote yawe ya dirishani. Mama naye akae kwenye kivuli muda wowote anaotaka, bila kumlipia mtu tikiti maji kwa bei ya nyama. Nimelipendekeza hilo. Dada amelisikia kwa uso ule wa mtu anayesubiri umalize.

Mwaka ujao binti anatimiza 16. Bei yake ya bufee haitabadilika hata senti kwa sababu hiyo. Ilishafika kileleni alipokuwa na 10. Nilipomwambia, alicheka, kisha akaniuliza taratibu kama Blue Bayou wanaruhusu kuchagua meza ya ukingoni, karibu na mashua. Mama yake alikuwa jikoni, lakini nadhani alisikia, maana alitoka na kalenda mkononi akaanza kuhesabu siku 60 kurudi nyuma.