Si kila jicho ni la fremasoni

Juzi barazani nilimwonyesha binamu yangu, kwenye simu, picha moja iliyotengenezwa na msanii Wangechi Mutu. Hata sekunde tano hazikufika. "Fremasoni huyo," akanirudishia simu, akaendelea na kahawa yake.

Jamani, nimechoka. Siku hizi mchoro wowote wenye jicho moja, pembe au nyoka umeshahukumiwa bila shahidi. Nyoka ni Ibilisi, jicho ni "mambo yale", kesi imekwisha, twende nyumbani.

Picha yenyewe ni mojawapo ya zile 12 alizotengeneza juu ya michoro ya zamani ya kitabibu, ya uvimbe wa kizazi. Chini kuna mchoro wa daktari, nyama iliyopasuliwa na kupigwa rangi kwa utulivu wa kutisha. Juu yake huyu mzaliwa wa Nairobi kabandika midomo iliyokatwa kwenye majarida, macho yasiyolingana, manyoya, na unga ule unaometameta wa kadi za harusi. Ukiwa mbali unamwona bibi harusi. Sogea: ile ngozi ni ugonjwa. Unavutwa na kuchefukwa kwa mpigo mmoja, halafu aibu inakushika kwa sababu ulishaanza kumsifia. Sasa niambie, hilo limo kwenye alama gani? Limo kwenye kubandika kwenyewe: jarida linalomuuza mwanamke limekalia kitabu kinachompasua.

Wanaosema kolaji, sanaa hii ya kukata na kubandika, ni kazi ya chekechea, wachukue mkasi wajaribu.

Haya, nakubali shingo upande kwamba alama zipo. Mwaka 2014 maonyesho yake ya London aliyaita, kwa Kiswahili chetu hiki, Nguva na Nyoka. Hakuokota majina njiani. Lakini nguva yupi? Kuna yule binti wa hadithi mwenye mkia wa samaki. Na kuna yule anayejulikana na mvuvi wa Rufiji: mnyama mzito, mla nyasi za baharini, anayenyonyesha mwanawe, anayenasa kwenye wavu wa jarife na kufa kwa kukosa pumzi. Hao wote wawili sisi tunawaita nguva, na huzuni ya huyu inamwandama yule. Kamusi yenu ya fremasoni ina ukurasa huo?

Binamu nilimrudishia simu, karibu nimtupie. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Kimya. Kahawa ikapoa.

"Huu mdomo," akasema, "mbona kama unanicheka?"