Muumini Asiyekanyaga Kanisani

Mtu akikosa ibada Jumapili tatu mfululizo, huulizwa kama anaumwa. Akikosa mwaka mzima haulizwi tena, husemwa. "Amerudi nyuma," ndivyo wengi wanavyohitimisha, na kwa neno hilo huwa wamefunga katika fungu moja mambo mawili ambayo si lazima yafuatane: kuacha kuhudhuria na kuacha kuamini. Wapo walioacha yote mawili, na hao wana mjadala wao. Ninaowazungumzia hapa ni wale ambao bado wanasali asubuhi na jioni, wanafungua Biblia bila kusukumwa na mtu, wanafunga, wanasaidia wenye shida, wala hawajaondoa hata neno moja katika Imani ya Mitume, ila mlango wa kanisa hawaupiti tena.

Watu wa namna hii si wachache. Nchini Marekani, shirika la kura za maoni la Gallup liliripoti kwamba mwaka 2020 ni asilimia 47 tu ya watu wazima waliojitambulisha kuwa washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti, ilhali mwaka 1999 walikuwa asilimia 70. Kabla ya hapo idadi hiyo haikuwahi kushuka chini ya nusu tangu swali hilo lilipoanza kuulizwa mwaka 1937. Kituo cha utafiti cha Pew nacho, mwaka 2018, kiliwauliza Wamarekani wasiohudhuria ibada au wanaohudhuria kwa nadra ni nini kinachowazuia. Sababu iliyotajwa na wengi zaidi kuwa muhimu sana, kwa asilimia 37, ni kwamba wanaitekeleza imani yao kwa njia nyingine, na waliotaja hiyo walikuwa wengi kuliko waliosema hawaamini. Huko Uingereza, mwanasosholojia Grace Davie alikuwa ameeleza hali kama hiyo tangu mwaka 1994, aliposema kwamba watu wanaamini bila kuwa sehemu ya kundi.

Mahubiri mengi juu yao huanza na uvivu. Sikatai kwamba uvivu upo, lakini ukikaa na watu hawa na kuwasikiliza, aghalabu utakuta jeraha, au uchovu wa kuwepo mahali bila kuonekana. Mama mmoja ninayemfahamu, aliyeimba kwaya kwa miaka kumi na sita, aliacha kwenda baada ya mgogoro wa uongozi kuligawa kanisa lake. Kwa miezi minne hakuna aliyepiga hodi. Ujumbe wa kwanza ulioingia kwenye simu yake ulitoka kwa mweka hazina, ukimkumbusha salio la ahadi yake ya ujenzi, na jina lake lilikuwa limekosewa herufi. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alilipa lile salio, akaigeuza simu kifudifudi mezani, akaendelea na Zaburi aliyokuwa akiisoma.

Wengine wana habari nzito kuliko hiyo. Mtu aliyedhalilishwa na kiongozi wa dini, kisha akaambiwa anyamaze ili asilichafue jina la kanisa, hawezi kuagizwa arudi akae kimya mbele ya mimbari ileile kana kwamba kilichomtokea kilikuwa mtihani wa utii wake. Kwa mtu kama huyo kuondoka kunaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuiokoa imani yenyewe, na anayemwita mwasi anapaswa kwanza kuulizwa alikuwa wapi siku ile.

Wala hawakosi Maandiko ya kuegemea. Kristo mwenyewe alifundisha kwamba uombapo uingie katika chumba chako cha ndani na kufunga mlango. Yakobo aliieleza dini iliyo safi kuwa ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao na kujilinda na dunia pasipo mawaa, wala katika mstari huo hakutaja jengo. Antonio wa Misri aliishi miaka mingi jangwani mbali na makusanyiko, na Kanisa likamwita mtakatifu. Mstari unaonukuliwa kuliko yote ni ule wa wawili watatu waliokusanyika kwa jina la Bwana, ingawa wengi wanaounukuu wakiwa peke yao chumbani husahau kuhesabu.

Upande wa pili huanzia kwenye Waebrania 10:25: "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Mstari huu umegeuzwa fimbo ya kuwachapia wasiohudhuria, lakini ukisomwa pamoja na ule unaoutangulia, unaohimiza waamini waangaliane wao kwa wao na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, fimbo hiyo huchapa pande zote mbili. Watu wanaokaa saa mbili wakitazamana visogo, kisha wakatawanyika bila kujua jina la aliyeketi kando yao, wamehudhuria lakini hawajautimiza mstari huo.

Hata hivyo hoja ya kukusanyika haiishii kwenye mstari mmoja. Neno lenyewe kanisa, lililotufikia kupitia Kiarabu, lina mzizi wake katika neno la Kiaramu lenye maana ya kukusanyika, na ekklesia, neno la Kigiriki linalotafsiriwa kanisa katika Agano Jipya, ni kusanyiko. Kipriano, askofu wa Karthago, aliandika katikati ya karne ya 3 kwamba asiye na Kanisa kuwa mama yake hawezi kuwa na Mungu kuwa Baba yake. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, inaifanya Misa ya Jumapili kuwa wajibu, na sababu yake si kujaza viti: kwao kiini cha ibada ni Ekaristi, yaani meza ya Bwana, ambayo mlei, muumini asiye kasisi, hawezi kujiadhimishia nyumbani. Tofauti hii ilijitokeza wazi makanisa ya nchi nyingi yalipofungwa kwa sababu ya Korona mwaka 2020. Baadhi ya Waprotestanti waliandaa kipande cha mkate na maji ya zabibu mbele ya simu, mchungaji akatamka maneno, wakala. Wakatoliki walitazama Misa kwenye simu na kubaki na komunyo ya kiroho, yaani hamu ya kupokea bila kupokea. Aliyezoea kuona mahubiri kuwa ndicho kitovu cha ibada aliweza kujiuliza, na wengi walijiuliza, kwa nini arudi kama hotuba inamfikia kitandani.

Mfano unaonifundisha zaidi unatoka Japani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uchimura Kanzo, Mkristo aliyechoshwa na ugomvi wa madhehebu na utawala wa wamisionari, alianzisha vuguvugu lililoitwa Mukyokai, maana yake "pasipo kanisa". Hawakuwa na makasisi waliowekewa mikono, na ubatizo na meza ya Bwana havikuwa masharti ya kuwa mmoja wao. Lakini wafuasi wake walikutana Jumapili kujifunza Biblia, mwalimu akifundisha na wanafunzi wakisikiliza. Walilivua kanisa karibu kila vazi, na kusanyiko likabaki.

Hapo ndipo ninapoegemea. Sioni shida kukiri kwamba mtu anaweza kuwa Mkristo bila kwenda kanisani. Shida ninayoiona ni kwamba sehemu kubwa ya maagizo ya Agano Jipya hayatekelezeki na mtu mmoja. Mchukuliane mizigo. Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi. Kusameheana kunahitaji mtu aliyekukosea na ambaye utamwona tena wiki ijayo, kwa maana ni rahisi mno kumsamehe usiyekutana naye. Anayejichagulia mahubiri mtandaoni hujichagulia pia atakayemkemea, na mhubiri akimuudhi humzima kwa kidole. Yakobo anasema mgonjwa na awaite wazee wa kanisa. Yule mama wa kwaya, siku akishindwa kuamka, sijui atamwita nani.

Lakini kusanyiko si lazima liwe lile lililomwumiza, wala si lazima liwe na mnara. Watu watatu sebuleni wanaojua madhaifu ya kila mmoja wako karibu zaidi na Waebrania kuliko umati usiojuana. Tena hatua ya kwanza ninawadai waliobaki ndani, wenye orodha ya majina na namba za simu, kabla ya kumdai aliyeondoka.

Mwaka 1855 mwanafalsafa Mkristo Søren Kierkegaard alikuwa amelazwa Copenhagen akikaribia kufa, baada ya miezi mingi ya kulishambulia kwa kalamu kanisa la taifa la Denmark, ambalo alikuwa ameacha kuhudhuria ibada zake. Rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye mwenyewe alikuwa mchungaji, alimuuliza kama angependa kupokea meza ya Bwana. Alijibu kwamba angependa, ila si kutoka kwa mchungaji; aipokee kutoka kwa mlei. Aliambiwa jambo hilo ni gumu kupatikana, naye akasema basi atakufa bila hiyo. Mkono wa kasisi aliukataa hadi mwisho, lakini alichoomba kilikuwa bado mkono wa mtu mwingine.