Mwacheni Semeni na jina lake

Siku hizi mtu akipata mtoto anafungua simu kutafuta jina. Analetewa orodha ndefu: hili maana yake nuru, hili malkia. Mazuri yote, ila hayasemi lolote kuhusu nyumba aliyozaliwa huyo mtoto.

Mimi napenda yale yanayochekwa. Semeni, kwa mfano. Hapo mama anawajibu majirani: semeni mpaka mchoke, mtoto ninaye. Sikudhani alikuja watu walipokwisha kukata tamaa. Tabu, Shida na Mashaka wanakueleza mimba ilibebwa katika hali gani. Bibi zetu wengi hawakufundishwa kuandika, kwa hiyo walisemea kwenye kanga na kwenye watoto. Si ajabu maneno ya kanga nayo huitwa jina.

Usukumani wao ni mafundi zaidi. Mabula kazaliwa mvua inanyesha, Kashinje alitanguliza miguu, na Shija kawafuata mapacha, Kulwa na Doto. Mtu anakutajia jina tu, nawe umeshajua alivyokuja duniani.

Ndiyo maana hunung'unika nikisikia mtu kaenda kwa wakili kuapa asiitwe tena Shida, eti jina linamletea mikosi. Nawajua akina Shida wenye nyumba za kupangisha, na akina Baraka wanaodaiwa kodi ndani ya nyumba hizohizo.

Lakini kuna jina moja linalonitoa kwenye msimamo: Mtumwa. Ndilo alilopewa binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, utumwa ungali halali. Ulikuja kufutwa kisheria 1897. Alipohamia mjini na kuvuma kwa uimbaji, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima zake, na kwa jina hilo alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri. Najua mtu atanikumbusha kwamba mtumwa na mtume wote wametokana na kutuma. Sawa. Ila Shida ni neno la mama aliyeyaona mwenyewe. Mtumwa, hata kama lilitamkwa na mzazi, lilikuwa neno la bwana mwenye mali. Kulivua lile sina ubishi nalo.

Semeni akija kwangu anataka kuitwa jina jingine, nitamuuliza kwanza kama amewahi kukaa na mama yake akamsimulia majirani walikuwa wanasema nini.